Kinu cha upepo na ekari ya nyanya: angalia filamu za tabianchi ukiwa na kalkuleta

Leo sizungumzii mbegu wala viuatilifu. Nazungumzia filamu. Najua kuna watakaosema afisa ugani leo ameishiwa, lakini nivumilieni, maana suala hili limegusa mfuko wa watu ninaowafahamu.

Kuna kikundi cha vijana wanane katika eneo ninalohudumia. Wamekodi ekari tatu kando ya korongo, wanataka kulima nyanya na vitunguu kiangazi. Waliniletea andiko la mradi nilipitie kabla ya kulipeleka halmashauri kuomba mkopo wa asilimia kumi. Andiko lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoyapokea, soko limeelezwa, gharama za mbegu zipo, hata dharura wameweka. Nilipofika kwenye kipengele cha kuvuta maji nikakuta wameandika kwamba watatumia mtambo wa upepo utakaotengenezwa na wanakikundi wenyewe kwa vifaa vinavyopatikana mtaani. Nikawauliza wazo hili mmelitoa wapi. Wakacheka. Mmoja akanijibu, "Afisa, ina maana hujaiona ile muvi ya dogo wa Malawi?"

Nimeiona, na ni filamu nzuri sana. Mkopo wa halmashauri nao hauna riba, lakini unarejeshwa, na kikundi kikishindwa kurejesha, wote wanane majina yao yanabaki kwenye orodha ya wadaiwa. Kwa hiyo naona kuna haja ya kuzungumza jinsi mkulima wa biashara anavyopaswa kuziangalia filamu hizi za mabadiliko ya tabianchi na za mtu na mazingira yake. Zimekuwa nyingi siku hizi, kwenye simu, kwenye vibanda umiza, kwenye semina za mashirika. Zina mafunzo ya kweli. Ila mara nyingi funzo halipo pale filamu inapokuonyesha kwa muziki mkubwa, liko dakika arobaini nyuma, ulipokuwa unajibu meseji.

Tuanze na hiyo ya Malawi. Inaitwa The Boy Who Harnessed the Wind, ilitoka 2019. Aliyeiongoza ni Chiwetel Ejiofor, ambaye humo ndani anaigiza kama baba mzazi, na kijana mwenyewe ameigizwa na Maxwell Simba kutoka Kenya. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba, mtoto wa mkulima wa mahindi, wilaya ya Kasungu. Njaa ya 2001 hadi 2002 iliwakuta, ada ikakosekana, akatolewa shule. Akawa anaingia maktaba, akakuta kitabu cha nishati chenye picha ya kinu cha upepo, akaunda cha kwake kwa vyuma chakavu, mabomba ya plastiki, na dinamo na fremu ya baiskeli. Alikuwa na miaka 14. Mwaka 2007 alisimama Arusha, hapa hapa kwetu, kwenye mkutano wa TED, akaeleza habari zake kwa Kiingereza cha kuungaunga, na dunia ikamjua kuanzia pale.

Filamu imegawanywa sehemu tano zenye majina ya Kichewa, na wewe Mswahili huhitaji mkalimani kwa zote. Moja inaitwa Kukula. Nyingine inaitwa Njala. Ya mwisho ni Mphepo, yaani upepo. Hapo kwenye Mphepo kinu kinazunguka, maji yanatoka kwenye bomba, kijiji kinashangilia, shamba linakuwa kijani. Hapo ndipo vijana wangu waliponyanyuka na kuandika mradi.

Kwanza mjue kwamba filamu imefupisha mambo. Kinu cha kwanza cha William, kile cha 2002, kiliwasha taa na redio nyumbani kwao. Maji ya kuvuta yalikuja baadaye, na alipopata watu wa kumuunga mkono akaweka pampu ya kutumia jua. Filamu ina saa mbili tu, lazima ifupishe, siilaumu. Ila wewe ukichukua ufupisho ukaufanya mpango wa biashara, hapo tunakosana.

Sasa shika kalkuleta.

Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000. Nyanya zilizokomaa wakati wa kiangazi huku Kanda ya Kati, kwa umwagiliaji wa matone, chukulia zinahitaji maji ya kina cha milimita 5 kwa siku. Zidisha. Ni lita 20,000, sawa na madebe 1,000 ya lita 20, kila siku, ekari moja. Kuinua lita 20,000 kutoka kina cha mita 10 kunataka nguvu ya kama nusu uniti ya umeme. Hiyo ni kwenye karatasi. Pampu ndogo hizi tunazonunua hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu inayoingia, kwa hiyo weka uniti 1.4 kwa siku. Maji yakiwa mita 30 chini, zidisha mara tatu. Na kama tenki lako limekaa juu ya mnara wa mita 3, hizo mita 3 nazo uzijumlishe, maji hayajui kwamba yameshatoka kisimani.

Dinamo ya baiskeli inatoa wati 3 hadi 6. Tuwe wakarimu, tuseme 6, na tuseme upepo unavuma mchana na usiku bila kupumzika. Kwa saa 24 utapata uniti 0.14 hivi. Yaani upepo uvume siku kumi mfululizo ndipo upate nguvu ya kumwagilia ekari moja kwa siku moja. Hizo siku nyingine tisa nyanya zinafanya nini?

Halafu upepo una tabia yake. Kasi ikipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inashuka hadi moja ya nane. Ndiyo maana kinu kinachozunguka kwa mbwembwe saa kumi jioni, asubuhi kinakuwa kama pambo. Hata sisi wa huku tunaojisifia upepo wetu tunajua kuna wiki majani hayatikisiki.

Jua je? Kwa kazi ile ile ya mita 10, paneli za jumla ya wati 400 zikipata saa tano za jua zuri, ukitoa upotevu, unaipata ile uniti 1.4 bila wasiwasi. Kwa mita 30 utahitaji wati 1,200 hivi. Paneli hazina kitu kinachozunguka, hazihitaji grisi, na bei yake vijana mnaijua kuliko mimi. Kikundi kile tulikaa nao jioni moja chini ya mti, tukaandika namba hizi kwenye daftari, wakabadilisha kipengele wenyewe. Yule mmoja alinung'unika kidogo. Namwelewa, paneli haina stori.

Ila kuna jambo ambalo hata paneli hailitatui, na filamu imelipita haraka. Kisima. Pampu inavuta maji yaliyopo, haitengenezi maji. Kabla hujanunua kitu chochote, pima kisima chako kinatoa lita ngapi kwa saa, na upime mwezi wa tisa au wa kumi, maji yakiwa yameshuka kabisa. Mwezi wa tatu kila mtu ana kisima kizuri. Njia rahisi: azima pampu ya petroli ya jirani, vuta mpaka maji yaishe, angalia saa, subiri yarudi pale pale yalipokuwa, angalia saa tena. Kama kimeleta lita 6,000 kwa siku nzima, wewe mradi wako ni robo ekari, si ekari tatu. Inauma kusikia, lakini ni afadhali kuumia kabla ya mkopo.

Sasa rudisha filamu nyuma, kwenye ile sehemu watu wengi wanayoipita. Kabla ya njaa, kampuni ya tumbaku inakuja kununua miti ya kijiji. Wapo wanaoona hatari, wanasema miti hii ikikatwa mafuriko yatatuingia. Wapo wanaouza, kwa sababu hela inatakiwa leo. Miti inaondoka. Mvua inakuja nyingi kupita kiasi, inafagia, kisha inakatika kabisa. Na wakati huo hifadhi ya taifa ya mahindi ya Malawi ilikuwa imeshauzwa. Mvua peke yake haikuwamaliza. Iliwakuta wameshauza kinga zao mbili, miti na akiba.

Mimi hapo ndipo naona filamu yenyewe. Yule aliyeuza miti hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alifanya uamuzi wa kibiashara wa aina ambayo sisi tunaufanya kila msimu. Mwenzako wa Urambo au Kaliua anayelima tumbaku anajua kuni za kukaushia zinatoka wapi. Wa kwetu huku anajua magunia ya mkaa yanayopangwa barabarani yalitoka kwenye kilima gani. Ukitaka kujua bei halisi ya gunia la mkaa, nenda ukaangalie korongo lililo chini ya kilima hicho baada ya mvua kubwa ya mwezi wa kwanza, uone udongo wa juu wa nani umelala mle.

Filamu ya pili ninayowashauri ni ya Burkina Faso. The Man Who Stopped the Desert, ya 2010, imeongozwa na Mark Dodd. Inamhusu mzee Yacouba Sawadogo wa kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya, kaskazini mwa nchi hiyo. Mzee huyu alikuwa mfanyabiashara sokoni. Ukame wa miaka ya 1980 ulipokuwa unawafukuza watu vijijini, yeye akaacha biashara akarudi shambani. Udongo ulikuwa umekauka mpaka juu umekuwa kama sakafu, maji ya mvua yanateleza na kwenda zake. Akachukua mbinu ya wazee wao ya kuchimba vishimo, kwao wanaita zai, akaiboresha: akavifanya vikubwa zaidi, akachimba kiangazi kabla ya mvua, akaweka samadi ndani. Samadi ikaita mchwa. Mchwa wakachimba njia zao, maji yakapata pa kuingilia. Mtama ukaota. Na kwa kuwa kwenye samadi kulikuwa na mbegu za miti, miti nayo ikaota, akaiacha. Baada ya miaka mingi pale paliposhindikana kuota hata nyasi pakawa msitu wa zaidi ya hekta ishirini. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Desemba 2023.

Mchwa! Sisi mkulima akiona mchwa anakuja ofisini kuulizia dawa. Kuna mchwa wa kuua, sikatai, hasa kwenye mahindi yaliyokauka na miche ya miti. Lakini mchwa akiwa na samadi na mabua ya kula, anakufanyia kazi ya jembe bure.

Vijana wakiiona filamu hii wanasema, afisa, hii ndiyo yenyewe, haihitaji mtaji. Subiri kwanza. Ukichimba kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari moja inakuwa na vishimo 4,000. Makadirio yanayotumika ni kama saa 300 za mtu mmoja kwa hekta, kwa hiyo ekari ni saa 120. Kibarua akifanya kazi kwa saa tano kwa siku kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, ni siku 24 za kibarua. Zidisha kwa bei ya kibarua ya kwenu. Samadi nayo, ukiweka gramu 300 kila kishimo, konzi mbili hivi, ni tani 1.2 kwa ekari, na hiyo inataka trekta la kubebea au punda na mwezi mzima. Kwa hiyo mtaji upo, ila umevaa nguo nyingine. Habari njema ni kwamba gharama kubwa ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili vishimo vipo, unasafisha na kuongeza samadi.

Na si kila udongo. Vishimo hivi ni vya maeneo yenye mvua chache, kama milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, na udongo uliokaza juu. Kwenye mbuga nyeusi vitajaa maji, mizizi itaoza. Kwenye mchanga mtupu vitajifukia. Hapa nchini tunavyo vya kwetu, tusione kila kitu kizuri kimetoka ng'ambo. Dodoma kuna vishimo vya Chololo, vimepewa jina la kijiji cha Chololo, ni vyembamba na virefu kuliko vya mzee Yacouba, upana kama sentimita 22 na kina kama 30. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao kwenye miteremko tangu enzi za mababu. Na Dodoma hiyo hiyo kuna Kisiki Hai, ambapo hupandi mti, unachagua machipukizi ya kisiki kilichopo shambani, unapunguza mengine, unaacha machache yakue. Mzee Yacouba angewaelewa hawa bila mkalimani.

Lakini kilichonifanya niiangalie filamu hii mara ya pili ni ardhi. Watu wa kijijini kwake walimwona kama mwendawazimu, hata moto walimwashia. Aliwashinda kwa mavuno. Kisha mji wa Ouahigouya ukapanuka, viwanja vikapimwa hadi ndani ya msitu wake, na mzee aliyeuzuia ukame hakuwa na karatasi ya kuwazuia wapima viwanja. Sehemu hii kwenye filamu ni fupi. Mimi ningeionyesha shuleni.

Nawauliza ninyi mnaokodi mashamba, wengi wenu mnakodi kwa msimu mmoja, kwa mdomo, mashahidi ni boda boda aliyewapeleka. Nani atachimba vishimo 4,000 kwenye shamba ambalo mwakani mwenyewe analitaka, akishaona limependeza? Hakuna. Na ndiyo maana mashamba ya kukodi ndiyo yanayochoka haraka kuliko yote, kila mpangaji ananyonya anaondoka. Siwalaumu, ndivyo hesabu ilivyo. Dawa yake ni mkataba wa maandishi wa angalau miaka mitatu, umesainiwa mbele ya ofisi ya kijiji, umeandikwa wazi kwamba kazi ya kuhifadhi udongo utakayofanya italipwaje mwenye shamba akivunja. Wapo wenye mashamba wanaokubali kupunguza kodi ya mwaka wa kwanza ukiwaonyesha unaacha makinga maji na miti. Ombeni. Na kama ardhi ni ya familia yenu, fuatilieni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hasa kama kijiji chenu kiko karibu na mji unaokua. Msisubiri vigingi.

Nipite haraka kwenye filamu maarufu kuliko zote, An Inconvenient Truth ya 2006, ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani. Ilipata Oscar. Ndani yake kuna Mlima Kilimanjaro, picha ya zamani na picha mpya, theluji ikiisha. Mwaka uliofuata ilifikishwa mahakamani London kwa sababu ilikuwa inapelekwa mashuleni, na jaji, pamoja na kukubali kwamba kwa ujumla imeieleza sayansi sawasawa, alitaja mambo kadhaa iliyoyavusha mpaka. Moja lilikuwa theluji ya Kilimanjaro, kwamba haijathibitika kuwa inapungua hasa kwa sababu ya shughuli za binadamu. Theluji inapungua kweli, hilo halina ubishi. Ninachotaka mkione ni kingine. Mkulima wa Hai au Moshi Vijijini akiangalia picha ile anaingiwa na hofu kwamba barafu ikiisha mfereji wake umekauka. Maji ya mifereji ile karibu yote yanatokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, chini kabisa ya barafu. Kamera ilielekezwa juu mno. Anayetaka mfereji wake uendelee kutiririka aulinde msitu, alizime lile pori linaloungua kila kiangazi, na barafu aiachie watalii.

Ya mwisho ni ya jirani. Thank You for the Rain, 2017, imeongozwa na Julia Dahr wa Norway akishirikiana na mkulima mwenyewe, Kisilu Musya, wa Ukambani, Kenya. Kisilu alipewa kamera akairekodi familia yake na shamba lake kwa miaka mitano. Kwa hiyo hakuna mwigizaji. Utaona kiangazi, utaona mikutano anayoiitisha kuwahimiza wenzake wapande miti, wengine wanakuja kwa kusuasua, wengine wanataka kwanza wajue kuna posho. (Tunafahamiana, sivyo?) Halafu baada ya kuisubiri mvua kwa muda wote huo, inakuja dhoruba inayoiharibu nyumba yake. Hapo mtu wa mjini anashangaa, mbona alikuwa analia ukame? Ndivyo ilivyo siku hizi. Udongo uliokauka na kukaza haupokei mvua kubwa, ukame na mafuriko ni majirani wa nyumba moja. Ukijiandaa kwa kimoja tu umejiandaa nusu. Mkulima wa huku anayechimba makinga maji kwa ajili ya ukame aweke na njia ya kutolea maji ya ziada, la sivyo mvua moja ya Januari itayavunja yote na kukuchimbia korongo jipya.

Kisilu anafika mpaka Paris, kwenye mkutano mkuu wa tabianchi wa 2015, anazungumza. Wengi wanaishika hiyo. Mimi nilimwangalia mke wake, Christina. Bwana akisafiri kuhamasisha, yeye yuko na jembe, watoto na mbuzi, na haoni aibu kusema kwamba amechoka. Niwaambie ninyi mnaolima kwa simu kutoka Dar, mnaotuma hela ya palizi na kupokea picha kwenye WhatsApp: angalieni ile filamu mkimtazama Christina. Shamba lolote linaloonekana limestahimili hali ya hewa, kuna mtu aliyekuwepo siku mvua iliponyesha saa nane usiku akatoka na jembe kwenda kufungua mfereji. Kama si wewe, mjue ni nani, na mlipeni vizuri.

Mkitaka kuziangalia, ya Malawi iko Netflix, na sehemu kubwa ina maandishi ya Kiingereza chini kwa sababu wanaongea Kichewa. Kikundi kikichangia bando mtu mmoja akaonyesha kwenye runinga inatosha. Simamisheni kila linapofanyika jambo shambani, mjiulize maji yametoka wapi, nani amefanya kazi hiyo na kwa siku ngapi, ardhi ni ya nani. Andikeni. Kama filamu haijibu, jazeni namba za kwenu.

Kwa walio Kanda ya Kati kama mimi, kalenda iko hivi. Agosti na Septemba ukusanye samadi na kuivundika. Septemba mpaka Oktoba pimeni visima, na kwenye kona ya shamba yenye udongo mgumu chimbeni vishimo 100 tu, si 4,000, muweke samadi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wetu kabla mvua hazijaanza, usomeni pamoja na taarifa za wilaya yenu. Mvua ikija, pandeni mtama au mahindi kwenye vishimo 100, na mistari ya kawaida pembeni yake, mbegu ile ile, siku ile ile. Mwezi wa tano pimeni kwa ndoo, upande huu na upande ule, mniletee namba. Nazihitaji kwa ajili ya makala ya mbolea ya samadi nitakayoiandika wakati huo, na nataka nitumie za kwenu, si za Burkina Faso.